Mti Uliotiwa Rangi na Neno la Mwuzaji

Liko swali ambalo mafundi huulizana kwa mzaha, nami naona halifai kuachwa katika mzaha. Swali lenyewe ni hili: mtu akitwaa kibao kilichotupwa, cha msonobari au cha mwembe, kisicho na thamani yo yote, akakitia rangi kwa chai na kutu hata kikawa cheusi kama mpingo, je, amekipamba au amedanganya? Wako wajibuo upesi ya kuwa ni pambo tu. Wako na wengine wajibuo upesi vile vile ya kuwa ni uongo. Mimi naona wote wawili wamejibu kabla ya kuitazama kazi yenyewe. Basi na tuitazame kwanza.

Kazi hii haitaki fedha nyingi. Nyuma ya kila karakana ya seremala liko fungu la vipande vilivyobaki: ncha za mbao, vibao vyenye fundo, mabanzi ya magogo yenye gome upande mmoja. Pwani ziko mbao za majahazi yaliyochakaa, zenye matundu ya misumari na rangi ya chumvi. Mtu huokota kipande, hukipiga msasa kidogo, kisha hutafuta rangi jikoni na porini, si dukani. Majani ya chai yaliyochemshwa sana hutoa rangi ya hudhurungi, na kahawa vivyo hivyo. Magome ya mikoko, ambayo zamani za Wajerumani yalipakiwa melini kwenda Ulaya kutengenezea ngozi, hutoa wekundu mzito. Manjano ya mchuzi hutoa rangi kama ya jua likichomoza, na ukipaka juu yake maji ya majivu hugeuka mara moja ikawa nyekundu, jambo ambalo watoto wa shule hawachoki kuliangalia.

Lakini iliyo ya ajabu kupita zote ni nyeusi. Tia misumari yenye kutu katika siki, uiache siku kadha wa kadha, wala usikizibe chombo kabisa, kwa maana hutoa hewa. Kisha ukipake kibao chako chai nzito, kikauke. Sasa paka yale maji ya misumari. Maji yenyewe hayana weusi. Lakini yakigusa mti, mti hugeuka mbele ya macho yako, kwanza kijivu, halafu mweusi. Sababu yake ni kwamba katika chai, katika magome, na katika miti mingi mna kitu kikali kikaushacho ulimi, ambacho wataalamu hukiita tanini. Chuma kikikutana na tanini, weusi huzaliwa. Msonobari una tanini kidogo sana, ndiyo sababu bila ile chai hupata kijivu tu.

Angalieni neno hili, maana tutalihitaji mbele: weusi huo si gamba lililowekwa juu ya mti kama rangi ya mkebe. Umezaliwa ndani ya nyuzi za mti wenyewe. Mistari ya mti haifichwi. Pengine huonekana zaidi kuliko kwanza.

Wala jambo hili si geni duniani. Wino ambao waandishi wa Ulaya waliandikia vitabu zaidi ya miaka 1,000 ulifanywa kwa njia hii hii, kwa chuma na vinundu vyenye tanini viotavyo juu ya mialoni. Katika nchi ya Mali wanawake wa Wabamana huchovya nguo katika maji ya majani, kisha huchora juu yake kwa matope ya mabwawa yaliyokaa muda mrefu chunguni. Chuma kilichomo katika matope hukutana na tanini ya majani, na nguo hupata weusi usiotoka kwa kufuliwa. Mwandishi wa Ulaya na mama wa Mali hawakuonana kamwe, na wote wawili waliijua siri moja.

Sasa tumtwae kijana mmoja fundi, mwenye akili na mikono myepesi. Amechonga ndege kwa kipande cha mwembe alichokiokota, amekitia weusi, amekisugua kwa nta ya nyuki hata kikang'aa. Anasimama njiani wapitapo wageni. Mgeni mmoja anamshika yule ndege, anamgeuzageuza, anauliza, “Huu ni mpingo?”

Mpaka dakika ile kijana hajatenda neno lo lote baya. Ameokota kilichotupwa, amefanya kazi kwa bidii, amefanya kitu kizuri. Akijibu, “Ndiyo,” atapata fedha ya kutosha karo ya mdogo wake. Akijibu, “La, ni mwembe,” labda mgeni atamrudisha ndege wake na kwenda zake.

Tusimhukumu upesi, kwa kuwa anao utetezi, na utetezi wake si wa kipumbavu. Atasema: “Mgeni amefurahi, naye hataona tofauti maisha yake yote. Mimi nimekula kwa jasho langu. Tena mpingo umepona. Mti ule hukua polepole mno, huchukua miaka 70 au zaidi kabla haujafaa kukatwa. Mataifa yenyewe, kwa mapatano yao yaitwayo CITES, tangu Januari 2017 yameiwekea masharti biashara yake kati ya nchi na nchi. Kila ndege wangu wa mwembe ni kipande kimoja cha mpingo ambacho hakikukatwa. Kama huu ni uongo, basi ni uongo uliookoa mti.”

Nakiri kwamba neno hili la mwisho lina nguvu. Watu wenye kuupenda msitu wamewasihi wachongaji tangu miaka ya 1990, hasa huko Kenya, waache mpingo na muhugu, watumie mwembe, mwarobaini na mjakaranda. Kijana wetu ametii shauri hilo. Alilolikataa ni sehemu moja tu, nayo ni kuutaja mti kwa jina lake.

Lakini na tuufuate ule uongo mpaka huko uendako. Mgeni anafika kwao, anamweka ndege mezani, anawaambia jamaa zake, “Tazameni, mpingo!” Nao wanatamani, na safari ijayo wanaagiza mpingo. Uongo haukuipunguza tamaa ya mpingo hata kidogo, umeilisha. Laiti angalisema, “Ni mwembe,” na ndege akapendwa kwa uzuri wake, ndipo mpingo ungalipona kweli, kwa kuwa watu wangalijifunza kutamani kitu kingine.

Tena wako watu wasiosimama pale njiani, wala hawakuulizwa. Katika wilaya ya Kilwa viko vijiji vilivyoamua kuutunza msitu wao wenyewe, kukata kwa kipimo na kuuza kwa haki, hata mwaka 2009 vikapewa hati ya ushahidi ya Baraza la Usimamizi wa Misitu, lijulikanalo kwa herufi FSC. Wanakijiji wale wana haki ya kulipwa bei ya mpingo, kwa sababu wana mpingo, na kwa sababu wamejizuia wasiumalize. Mwembe ukiuzwa kwa jina la mpingo, jina hilo hupungua thamani, na wao ndio waibiwao. Hawajui ni nani aliyewaibia. Yeye naye hajui ni nani aliowaibia, na pengine ndiyo sababu analala usingizi.

Liko na jambo dogo la kuchekesha. Mpingo ni mzito hata huzama majini. Siku moja mtoto wa yule mgeni atamtia ndege katika beseni la maji, na ndege ataelea. Hapo mgeni hatasema, “Kijana fulani alinidanganya,” maana hamjui jina. Atasema, “Watu wa nchi ile ni waongo.”

Basi, je, wale wa upande wa pili wana haki? Wako watu, aghalabu wazee wenye kicho, wasemao kwamba mti umepewa rangi yake na Muumba, na kuubadili ni kumsahihisha Yeye. Nawaheshimu, lakini naona hawakuitazama miti. Mvule ukipasuliwa leo ni wa manjano. Uache nuruni, nao utakuwa wa hudhurungi pasipo mkono wa mtu. Mbao ikikaa juani na mvuani hugeuka kijivu. Kile kigoda cha bibi kilichokaa jikoni miaka 30 kimekuwa cheusi kwa moshi na mafuta, na hakuna aliyewahi kumwita bibi mwongo. Rangi ya mti haisimami mahali pamoja. Jua huutia rangi, moshi huutia rangi, mkono wa mwenye kuutumia huutia rangi. Fundi naye akiongeza chai na kutu, ameingia katika safu ya watendakazi waliokuwapo kabla yake. Na tukumbuke ya kuwa hema ya kukutania katika kitabu cha Kutoka ilifunikwa ngozi za kondoo waume zilizotiwa rangi nyekundu, na ya kuwa Bezaleli alisifiwa kwa ustadi wake, pamoja na ustadi wa kuchora miti.

Lakini katika Maandiko iko habari nyingine iliyo karibu zaidi na swali letu, nami hushangaa kuona jinsi inavyosomwa juujuu. Isaya, mlango wa 44, asimulia habari ya mtu aliyekata mti. Sehemu moja ya mti aliota moto, akaoka mkate na nyama. Na mabaki yake akayafanya mungu wake, akayasujudia. Wasomaji wengi hukumbuka ile dhihaka, wakadhani nabii alichukizwa na yale mabaki, kana kwamba kipande cha kuni hakistahili kuguswa na mkono wa ustadi. Sivyo. Fundi yule halaumiwi kwa kuwa kipande kilikuwa cha kusalia, wala kwa kuwa alijua kupima na kuchonga. Alaumiwa kwa sababu alikiambia kipande cha kuni neno lisilo kweli juu yake, kisha hakuwa na moyo wa kujiuliza kama alichokishika katika mkono wake wa kuume si uongo. Kosa halikuwa katika mti, wala katika chombo cha kuchongea. Lilikuwa katika jina.

Na hapa ndipo ninapomwona yule kijana wa ndege. Mti wake haukusema uongo. Chai haikusema uongo, wala kutu. Mistari ya mwembe imo wazi chini ya weusi, kwa mwenye macho ya kuisoma. Ni ulimi tu uliosema “Ndiyo.”

Labda mtu ataniuliza: kama ni hivyo, mbona mafundi wengine hufunika mti kabisa kwa dawa ya viatu, hata mistari isionekane? Naam, huko mkono umekwisha kuanza kusema kabla ya ulimi. Afichaye nyuzi za mti ili mti usijulikane amesema uongo kwa mikono, hata akiwa kimya sokoni. Lakini si kila afunikaye afanya hivyo. Mtu apakaye mlango wake rangi ya buluu hamwambii mtu kwamba mlango ni buluu mpaka kiini chake.

Sasa kwa nini kijana mwema, aliyelelewa vema, husema “Ndiyo”? Njaa imo, siikatai. Lakini nimefundisha watoto kazi za mikono miaka mingi, nami naona neno jingine lililo chini ya njaa. Ni haya. Anaona haya kusema ya kuwa kitu chake kizuri kilitoka jalalani. Seremala alikitupa, mpita njia alikikanyaga, naye mwenyewe moyoni angali akikidharau. Ndipo anakiazimia jina la mti mwingine, kama mtu aazimaye kanzu ya kwendea arusini. Mwenye kukiheshimu kile kibao asingeona haja ya jina la kuazima.

Yuko mtu wa nchi yetu ambaye hakuazima jina. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza mwaka 1968 hivi kuchora picha mjini Dar es Salaam juu ya vipande vya mraba vya mbao nyembamba za dari, kwa rangi za kupakia baiskeli. Zilikuwa vitu vya rahisi kuliko vyote vilivyopatikana. Hakumwambia mnunuzi kwamba ni turubai ya Ulaya. Alikufa mwaka 1972 akiwa kijana bado, wa miaka 40. Na leo jina lake ndilo jina la picha za namna ile duniani kote, wala hakuna aulizaye kwa dharau kama zilichorwa juu ya dari. Rangi zake hazikuwa za magome wala za chai, ni kweli, lakini habari ya kibao ni ile ile: kilikuwa cha thamani ndogo, kikaitwa kilivyo, kikapata heshima yake chenyewe.

Na msidhani ya kuwa uongo hufuata mpingo tu. Huko Marekani na Ulaya, na hata katika nyumba za matajiri wa kwetu pwani, mbao kuukuu zimekuwa fahari. Watu hulipa sana kwa meza iliyofanywa kwa mbao za ghala bovu au za jahazi lililokufa. Basi wametokea watu wanunuao mbao mpya, wakazipaka yale yale maji ya siki na chuma ili zigeuke kijivu, wakazipiga misumari yenye kutu, kisha wakaziuza kwa jina la ukale. Maji ni yale yale, na mkono ni ule ule. Jana kibao kilichotupwa kilijifanya mpingo. Leo mbao mpya yajifanya kibao kilichotupwa.

Lipo pia neno la kweli ambalo mnunuzi haulizi, kwa kuwa hajui kuliuliza. Manjano hupauka upesi juani; picha iliyotiwa manjano ikitundikwa mkabala wa dirisha haitakaa mwaka na wekundu wake au ung'avu wake. Weusi wa chuma na tanini hukaa. Je, mwuzaji akinyamaza, amekosa? Nadhani amekosa, kama ajua. Mwenye kuuza kitu cha kupita kwa bei ya kitu cha kudumu ameuza miaka asiyokuwa nayo.

Zito zaidi ni habari ya sumu. Si kila kibao kilichotupwa ni kibao salama. Nguzo za umeme na za simu aghalabu hutiwa dawa za kuzuia mchwa, na katika nyingine mna aseniki, ambayo ni sumu kali. Mara nyingi huonekana zina ukijani. Mbao za kuwekea mizigo zitokazo ng'ambo hupigwa chapa: zenye herufi HT zilitiwa joto tu, lakini zenye MB zilifukizwa kwa gesi yenye sumu. Mbao isiyo na chapa, hujui ilibeba nini. Fundi akichonga mwiko au sahani kwa mbao ya nguzo, akaipamba kwa chai na hina hata ikapendeza, rangi zake zote za asili hazitamsaidia mtoto atakayeilamba. Hapo mtu hawezi kusema, “Sikuulizwa.” Yampasa ajue mbao yake ilitoka wapi, na kama hajui, aifanye picha ya ukutani, wala asiipige msasa ndani ya nyumba wanamolala watoto.

Kwa hiyo nawaambia vijana wangu waandike nyuma ya kibao, kwa kalamu ya risasi, maneno machache: mwembe, kutoka karakana fulani, chai, kutu, nta, usiweke juani. Mmoja alisema ya kuwa maandishi hayo yatapunguza bei. Huenda yakapunguza mwanzoni. Nimeona pia wanunuzi wakikigeuza kibao, wakayasoma, kisha wakakigeuza tena na kukitazama mbele kwa macho mengine, wakiuliza jinsi kutu iwezavyo kufanya weusi ule. Hapo mazungumzo huanza, na fundi huwa na la kusema.

Limebaki swali la mwisho, nalo huulizwa na akina mama, si na wenye elimu: kibao hicho si kuni? Mtu wa Isaya alipika kwanza. Mwanamke aliyetembea tangu alfajiri kutafuta kuni, akirudi akamkuta mumewe akikipaka chai kipande cha mti kikavu kingaliweza kuwaka, haki yake ya kukasirika ni kubwa, na chai yenyewe ni yake. Nijuavyo mimi, ncha ya mbao ya shubiri moja haiivishi sufuria ya maharagwe. Lakini fungu zima laivisha. Katika nyumba kadha ninazozijua mambo haya hukatwa kwa njia rahisi: vipande vyote hupita kwanza mbele ya mama mwenye jiko, naye huchagua vyake, na fundi hupewa vilivyobaki, hasa vile vyenye fundo visivyopasuka kwa shoka. Na vile vya fundo ndivyo vizuri kuliko vyote vikitiwa rangi, kwa sababu kwenye fundo nyuzi huzunguka kama maji, na weusi huingia kwa kina kisicho sawa.